Sauti ya Atusaye Nyuma ya Kitambaa

Saa mbili asubuhi, na baridi ya Ufipa bado imeng'ang'ania vyuma vya chumba cha meno. Atusaye Mwakalinga anafunga kitambaa cheupe puani na mdomoni, anamwamkia Mzee Zenon, mkulima wa kijiji cha ujamaa karibu na Kate, kisha anagonga kiti mara mbili. Mzee anafungua kinywa. Akigonga mara moja, mzee anatema.

Zaidi ya shikamoo, Atusaye hasemi neno.

Kwa miaka tisa Atusaye amemsaidia daktari wa meno mjini Sumbawanga, kitambaa usoni saa saba kwa siku. Kamba zimemchubua nyuma ya masikio, mashavu yamejaa vipele, na jioni kichwa humgonga. Hayo ameyazoea. Kinachomnyima raha ni sauti yake.

Kosa anajibebesha mwenyewe. Kwa kuogopa kifua kikuu, alishona vitambaa vya marekani, ile pamba nzito, tabaka nne badala ya mbili, akajiona mjanja. Wagonjwa hawakumsikia. Wengi ni wazee waliozoea Kifipa, naye ni mtu wa Rungwe, basi akadhani dawa ni kupaza sauti. Amepaza mpaka koo limekwaruzika na sauti imegeuka.

Mama yake, aliyebaki Rungwe, haoni tena. Likizo iliyopita Atusaye alibisha hodi kabla barua yake haijafika, na mama akauliza ni mgeni gani. Alipojitaja, mama akajibu kwa upole kwamba mwanawe yuko kazini Sumbawanga, akaagiza mgeni atengewe ndizi.

"Nilikula zile ndizi kama mgeni, nyumbani kwetu," anasema. "Baadaye alinipapasa uso, akakubali. Lakini kesho yake nilimsikia akimwuliza shangazi, huyu ni yeye kweli?"

Tangu hapo hamu ya kuitwa na mama haimtoki, hata akiwa ameshika koleo la kung'olea meno.

Daktari alimshauri aipumzishe sauti, ndipo akabuni kugonga kiti. Vitambaa vipya ni vya tabaka mbili. Wagonjwa wanamtania kwamba kiti chake kinajua Kifipa kumshinda yeye. Naye anacheka bila sauti ili asiichoshe, maana imeanza kurudi, na haba na haba hujaza kibaba.

Desemba atapanda basi kwenda Rungwe. Ndugu zake wamezoea barua ya kutangulia, lakini safari hii haandiki.

"Nitabisha hodi tu," anasema, taratibu. "Nataka mama aniite jina langu kabla sijajitaja."