Uongo wa Mlangoni

Farquhar Matheson alikuwa mwongo wa kuajiriwa. Nasema hivyo kwa heshima zote, maana hapa bondeni Achnagarve uongo ulikuwa sehemu ya kazi yake kama bunduki na darubini, na hakuna aliyeufanya vizuri kumshinda kuanzia hapa mpaka baharini.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwaongoza wageni kuwanyatia kulungu wekundu mlimani. Mgeni huja kutoka kusini, tumbo mbele, viatu vipya. Farquhar humpandisha mlima, humlaza kifudifudi kwenye matope meusi, humburura dhidi ya upepo mpaka madume waonekane, halafu humtolea bunduki kwenye mfuko na kumwonyesha ni yupi. Mgeni hachagui. Anayechagua ni Farquhar, naye huchagua mzee, mgonjwa, aliyevunjika pembe, yule ambaye theluji ya Januari ingemmaliza kwa mateso. Madume bora huachwa wazae. Wenye mali hubadilika, jumba la uwindaji hupakwa rangi nyingine, lakini sheria hiyo ilikuwa haijawahi kuguswa.

Mimi nilikuwa mtu wa farasi. Mnyama akishauawa, nafuata na farasi wangu mfupi, tunampakia kwenye tandiko, tunashuka naye. Kwa hiyo niliyaona yote mlimani, na jioni niliyasikia yakisimuliwa upya mlangoni, nikabaki nimeuma midomo nisicheke.

Maana hiyo ndiyo desturi. Jioni wakubwa hutoka nje ya jumba la uwindaji na glasi za wiski, na mnyatiaji husimama mbele yao kwenye changarawe, kofia mkononi, asimulie siku ilivyokwenda. Hapo Farquhar hakuwa na mpinzani. Mgeni aliyekoroma kwenye matope alisifiwa kwa utulivu. Aliyekosa mara tatu, basi upepo ulimwonea. Kuna bibi mmoja alilipiga jiwe akalipasua vizuri sana, Farquhar akamuua dume kwa risasi yake mwenyewe, na jioni bibi akasikia ushujaa wake mpaka akatokwa na machozi. Aliwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nao wakarudi kila mwaka kupakwa tena.

Na kama ni dume lako la kwanza, unapakwa damu mashavuni. Mnyatiaji huchovya vidole pale risasi yako ilipoingia, hukupaka, nawe huoshi uso mpaka ulale uamke. Watu wazima wenye makampuni hulala na damu kwenye mito ya hariri, na wanakwenda zao wamefurahi kama watoto waliotahiriwa.

Nilimwuliza siku moja kama uongo huo haumchoshi. Tulikuwa tukimlisha farasi.

"Profesa," akaniambia, maana mtu akiacha chuo kikuu njiani hapa kwetu hupewa cheo chote, "ile nyumba mke wangu Effie anamolala ni ya mwenye shamba. Mimi nalipa pango kwa mdomo."

Ndivyo ilivyokuwa. Nyumba ilikwenda na kazi. Kazi ikiondoka, nyumba inaondoka, pamoja na bustani ya Effie, kuku wake, na dirisha la jikoni alilokuwa akilisugua kana kwamba ni lake.

Sasa, mwenye shamba wa zamani alipokufa, watoto wake waliliuza bonde zima kwa Bwana Wetherley. Huyu alitajirika kwa vyoo vya kukodisha, vile vya plastiki vinavyopelekwa kwenye matamasha. Sina neno na vyoo. Kila mtu ana haja zake. Lakini mtu akiketi miaka mingi juu ya rundo la namna ile, huanza kudhani dunia nzima iko chini yake kwa sababu hiyohiyo. Alitushonea suti mpya za sufu, rangi ya kijani na haradali aliyoibuni mwenyewe. Tulionekana kama ugonjwa.

Oktoba hiyo madume walikuwa katika msimu wa kupanda majike, wakinguruma mabondeni mchana kutwa, na Wetherley alileta mgeni aitwaye Piers Coote. Asubuhi, kwenye chumba cha bunduki, alimvuta Farquhar pembeni, ingawa si mbali vya kutosha na masikio yangu. Coote, alisema, alikuwa karibu kununua nusu ya kampuni yake. Hajawahi kuua dume. Leo ataua, na jioni atasikia hadithi ya kumfanya atie saini.

"Mkeo anaipenda ile nyumba, sivyo?" akamalizia, akimfunga Farquhar kifungo cha koti.

Farquhar alikifungua kile kifungo tulipofika nje. Ndicho kitu pekee alichofanya.

Tulipanda. Niliachwa na farasi kwenye zizi la mawe lililobomoka, mahali ambapo ningeweza kuwaona juu, vitu viwili vya kijani vikijikokota kama konokono. Mbele yao palikuwa na kundi la majike, na pembeni dume mzee, mbavu nje, pembe moja imekatika. Huyo ndiye wa kuuawa. Lakini katikati ya majike alisimama Mwenye Shingo Nyeusi.

Huyu tulimwita hivyo kwa sababu ya kugaagaa kwenye matope mpaka shingo ikawa kama lami. Farquhar alimwona siku alipozaliwa, angali amelowa, mama yake akimlamba. Tangu hapo alikuwa akiwazungusha wageni mbali naye, akisingizia upepo, ukungu, hata goti lake. Effie alikuwa akisema mumewe ana mke mwenza mlimani, tena mwenye pembe.

Nilimwona Farquhar akinyoosha kidole kulia, kwa yule mzee. Nilimwona akirudia. Kisha bunduki ikalia, na Mwenye Shingo Nyeusi akajikunja katikati, kama mtu aliyepigwa teke tumboni, akatimka na kupotea nyuma ya mgongo wa mlima. Yule mzee mwenye pembe moja akabaki pale, akitushangaa.

Nilipowafikia, Coote alikuwa anafuta magoti. Alisema yule mwingine alikuwa kichekesho, hakuna mtu anayetundika pembe moja ukutani. Akauliza kama picha zitatoka vizuri kwa mwanga ule.

Farquhar alikwenda pale dume aliposimama, akainama, akaokota kitu kwa vidole viwili. Hakikuwa damu. Ilikuwa majani yaliyotafunwa, mabichi, yananuka. Risasi ilikuwa imepita kwenye tumbo. Kulungu aliyepigwa tumbo hafi. Anaoza akiwa hai.

Akamwambia Wetherley kwenye redio ya mkononi kwamba anamfuata yule dume. Sauti ya Wetherley ikatoka kwenye kile kidude kama nyuki ndani ya kopo: mgeni amechoka, kuna wageni wa chakula, mrudishe, huyo atakufa mwenyewe. Farquhar aliisikiliza mpaka mwisho. Akaizima, akaiweka mfukoni kwa Coote.

"Njia ni ile, bwana. Fuata maji yanakoshukia."

Coote alitazama miguu yake, kisha farasi wangu. Akauliza kama hawezi kupanda ashushwe.

"Huyu hubeba maiti tu," Farquhar akasema. "Ila nina risasi moja zaidi."

Coote alishuka kwa miguu, na kwa mwendo mzuri kabisa.

Tulimfuata yule dume juu ya mlima, tukashuka upande wa pili, tukivuka vinamasi ambavyo farasi alizama mpaka tumboni. Farquhar alitukana njia nzima. Hakumtukana Coote peke yake. Alitukana suti, vyoo, wiski, mlango, changarawe, na mwishowe mdomo wake mwenyewe uliowasifu wapumbavu mpaka wakaamini wanajua kupiga risasi. Nilifikiri nayajua matusi. Siku ile ndipo niliposoma.

Tulimkuta amelala ndani ya kijito, maji yakimpita ubavuni, kichwa juu, akitutazama. Hakuwa na nguvu za kunguruma. Farquhar akalala kwenye mawe, akapiga mara moja, yakaisha. Alipompasua kumtoa matumbo, ndani kulikuwa supu ya kijani na vinyesi, nyama ya upande mmoja imeharibika yote. Alifanya kazi yake safi kama siku zote. Kisha akachota sehemu ya ule uchafu pale kwenye tundu la risasi, akautia ndani ya kopo lake la sandwichi, akafunga kifuniko. Nikadhani amechanganyikiwa.

Tulifika kwenye jumba jua likiwa linazama. Walikuwa wametoka wote, glasi mkononi. Coote alikuwa ameshaoga na kuvaa koti la mahameli, na kwa nyuso za wale watu nilijua amekwisha kuwasimulia: risasi moja, moyoni. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi na Effie, aliyekuwa mpishi wa jumba msimu ule, alisimama pale na mwiko.

Wetherley alimpa Farquhar wiski. "Haya, Farquhar. Tusimulie."

Farquhar alivua kofia. Alimtazama Effie dirishani, kwa muda. Effie hakutikisa kichwa wala hakuinamisha. Alishika mwiko tu.

"Bwana Coote," Farquhar akaanza, kwa ile sauti yake tamu ya siku zote, "alionyeshwa dume mzee mwenye pembe moja, mara mbili, na mtu aliyelala karibu naye kiasi cha kunusa mafuta yake ya nywele. Akampiga bora wa bonde zima. Akampiga tumboni. Akauliza habari za picha. Akaomba farasi. Na wakati huyu mnyama anajinyea ndani ya maji, yeye alikuwa ndani ya maji ya moto. Upepo," akaongeza, "haukuwa na kosa lolote."

Hakuna aliyekunywa. Coote alicheka peke yake, akageuka kwa wenzake, akageuka tena. Akasema, kwa kutaka kuokoa jioni, kwamba basi wampake ile damu, ni dume lake la kwanza, desturi ni desturi.

"Kweli kabisa," akasema Farquhar. "Pale risasi ilipoingia."

Akafungua kopo. Alimpaka shavu la kulia, shavu la kushoto, na kwa sababu alikuwa fundi asiyependa kazi nusu, paji la uso pia. Kijani. Harufu ilifika mpaka kwangu, na mimi nilikuwa nyuma ya farasi.

"Usioshe mpaka asubuhi, bwana. Ni mkosi."

Wetherley alipopata sauti, ilitoka yote pamoja. Bunduki ni yake. Nyumba ni yake, waondoke. Mlima ni wake, na kila kinachotembea juu yake. "Hata hiyo suti uliyovaa ni yangu."

Farquhar akaweka bunduki juu ya ngazi. Kisha akaanza kufungua vifungo. Koti, kizibao, suruali. Akavikunja vizuri, akaviweka juu ya bunduki. Akabaki na nguo zake ndefu za ndani za sufu, zilizotiwa kiraka kitakoni na Effie, ambazo alizinunua mwenyewe. Alikunywa ile wiski, akarudisha glasi, akashuka njia ya magari. Mlango wa jikoni ukafunguka. Effie alitoka na aproni yake kiunoni na mwiko ungali mkononi, akamfuata, na nyuma yao mchuzi wa wakubwa ukaanza kuungua.

Sasa wanakaa kwa dada yake Effie, kijijini, vyumba viwili, kuku hawaruhusiwi. Msiniambie kwamba haki ilishinda. Coote alitia saini kulekule, uso umeoshwa. Pembe za Mwenye Shingo Nyeusi ziko juu ya meza ya chakula, zina kibao cha shaba, na kibao kinasema uongo mzuri kuliko wowote aliowahi kutunga Farquhar.

Kila Oktoba, madume wakianza kunguruma juu ya kijiji, Farquhar hutoka nyuma ya nyumba kusikiliza. Effie humwuliza kutoka ndani, "Nani huyo anayenguruma?"

"Si yeye," anasema. Akiingia, anaubamiza mlango mpaka vikombe vya shemeji yake vinagongana kabatini, na mpaka leo shemeji hajathubutu kusema neno.