Ng'ombe Aliyeitwa Hamkutumaliza

Laiti ningekataa. Baba mdogo aliposema ng'ombe wa marehemu bibi waende kwenye mahari yangu, ningemjibu kwamba wale ni wa ada ya shule ya dada yangu mdogo. Nilikuwa nimetoka kumaliza sekondari, natamani harusi. Nikaitikia.

Nikueleze ng'ombe hao walivyopatikana, rafiki yangu, maana nimechoka kusikia mjini Musoma kwamba watu wa kwetu ni maskini kwa uvivu. Uvivu! Babu alikuwa na zizi lililojaa kule Suguti. Wakoloni walipomwamuru alime pamba, akajibu kwamba ana mtama wa kupalilia. Alichapwa viboko mbele ya wanawe, ng'ombe wakaswagwa wote. "Mtu mweusi hajui kutunza mali," mzungu akasema, huku anaondoka nayo.

Babu alipofariki, bibi akahamia Buswahili kwa kaka zake, akaanza kuchunga ng'ombe wa watu. Ujira wake, baada ya miaka mingi, ukawa mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Akamwita Hamkutumaliza.

Mimi utotoni niliamshwa na kibuyu cha maziwa kikitikiswa, moshi wa samadi, na harufu ya samaki furu wakichemka kwa ajili ya ugali wa mtama. Kisha tulipeleka ng'ombe kunywa maji, na bibi alihakikisha tunapita mbele ya nyumba ya mzungu aliyesimamia pamba huko.

"Hamkutumaliza! Wee Hamkutumaliza, njoo!"

Siku moja askari wa pale akafoka, "Bibi, unamwita nani?"

"Ng'ombe wangu, baba. Kwani na wewe umeitika?"

Tulicheka mpaka mtoni.

Uzao wa ng'ombe yule ndio ulionisomesha. Bibi alikuwa akisema, "Ukivuka, mshike dada yako mkono." Zamu yake ndiyo ilikuwa inafuata, naye darasani alikuwa ananishinda mbali.

Siku ng'ombe walipotolewa kwenda Bunda kwa wakwe, wanawake wakishangilia, dada alisimama mlangoni pa zizi.

"Kaka, mzungu alichukuaga kwa fimbo. Wewe umechukua kwa vigelegele."

Zizi lile sasa ni shamba la mihogo. Wanangu wana kazi za ofisini. Dada anaanika dagaa ufukweni, na wanawe, na wajukuu wake, wakiamka kabla ya jua. Anayewaita wavivu aje aniambie mimi usoni. Mkoloni alitupokonya mara ya kwanza. Ya pili ni mimi. Nilipata mke. Dada yangu hakurudi shule tena, na mpaka leo hanikaribishi kwake.