Utando Mweupe na Haya Yangu

Mwezi uliopita, katika zahanati ya kijiji chetu cha ujamaa, mganga alifungua mdomo wa mwanangu wa wiki tano, akaona utando mweupe umerudi. "Dawa niliyompaka imekwenda wapi?"

Mama mkwe alijibu haraka, foleni nzima ikisikia: "Amembemenda mtoto, bwana mganga. Kalala na mume kabla ya wakati. Dawa itafanya nini?"

Watu walicheka. Nikainama. Mganga aliniuliza kama matiti yananiuma. Yalikuwa yanawaka kama yamepakwa pilipili, na kila mtoto aliponyonya niling'ata upindo wa kanga. Lakini wanaume walikuwa wamesimama pale. Nikasema, "Hapana."

Mama mmoja aliyetoka shamba la kijiji aliweka jembe chini, akafunua titi lake mbele yetu sote. Lilikuwa limepakwa dawa ya zambarau. "Mwongo huyu, anaona haya! Mimi nami niliona haya, titi likamrudishia mwanangu ugonjwa mara tatu. Mpake na yeye."

Nilipakwa nyuma ya pazia, na mtoto akapakwa tena. Siku ya nne mtoto alinyonya, nami sikulia.

Kisimani bado wananong'ona kuwa nilimbemenda mtoto, maana waliocheka siku ile hawakurudi kusikia kwamba amepona.

Kwenye mkutano wa kijiji juzi, mwenyekiti alituhimiza wanawake tuseme bila haya. Tulikuwa tunajadili mbolea.