Nishani ya Rubani wa Rweya

Mpaka leo nikimwona shemeji yule njiani navuka upande wa pili. Si kwamba namwogopa. Naogopa mdomo wangu, maana nikisimama naye nitasema maneno ambayo mwalimu mstaafu hapaswi kuyasema barabarani.

Ilikuwa arusini huko Nyanga, karibu na Bukoba, miaka kadhaa baada ya vita vya mpakani. Kwetu Wahaya mwanamume akisimama mbele ya wakwe hujitaja: mimi ni mtoto wa fulani, nimefanya hili, nimepita pale. Tunaita kwebuga. Wageni hudhani ni majivuno, lakini ni kujitambulisha tu, kama mtu wa ofisini anavyotoa kitambulisho. Siku hiyo alisimama jirani yangu wa kijijini, upande wa Muleba, mtu tuliyemwita Rubani. Aliwahi kuendesha ndege za jeshi. Sasa alikuwa analima migomba na kahawa kama sisi. Alianza vizuri, fimbo mkononi. Hajafika mbali, shemeji wa bwana arusi akadakia:

"Wewe si ndiye uliyekimbia vita na ndege ya serikali mpaka kwa mama yako?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Rubani akakaa. Mama yake alikuwepo, mzee aliyevaa gauni lake la kanisani, akainamisha kichwa kama vile yeye ndiye aliyetukanwa. Nami nilikuwa nimekaa na wanawake, sahani mapajani, nikanyamaza.

Wacha niseme kilichotokea siku ya ndege, maana mimi nilikuwepo na shemeji hakuwepo.

Makombora yalikuwa yanaanguka huko kaskazini, na watu walikuwa wanamiminika kuja upande wetu. Lori lililobeba majeruhi lilikufa barabarani karibu na rweya ya kijiji chetu. Rweya ni ile nyika ya majani iliyo kati ya kijiji na kijiji, ambako wanawake hukata nyasi za kutandika sakafuni. Shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo nilikuwa huko na wenzangu, mundu mkononi. Tukawashusha majeruhi, tukawalaza juu ya nyasi tulizokuwa tumekata asubuhi. Mmoja alikuwa mama mjamzito aliyevunjwa paja. Nilimfunga kwa kanga yangu, na damu ikapita kwenye kanga kana kwamba sikufunga kitu. Hospitali ilikuwa mbali, dereva alikuwa anapiga teke tairi na kulia.

Ndipo ndege ndogo ikapita, ikitoka Bukoba kwenda Mwanza. Tulipunga kanga, tulipunga nyasi, tulipiga kelele utadhani inasikia. Ikageuka.

Rubani alikuwa amepewa amri fupi: arudi Mwanza moja kwa moja, asitue popote. Baadaye alinieleza alichokiona kutoka juu. Aliona watu wamelala, na pembeni yao kipande kirefu kilichopauka katikati ya majani. Rubani wa kwingine angeona upara tu. Yeye mama yake alikata nyasi pale pale miaka yote, na alijua kwamba wanawake hawakati penye mawe wala vichuguu, kwa sababu jiwe huharibu makali ya mundu. Tulipokata ndipo palipokuwa tambarare. Akatua hapo.

Ndege iliruka mara tatu kabla ya kutulia, na ilisimama karibu kabisa na ukingo wa bonde. Alishuka. Aling'oa viti akavitupa majanini ili majeruhi wote waenee. Kimoja kati ya viti hivyo kiliishia kwa kinyozi wa bandarini Kemondo, na wateja walikikalia kwa miaka bila kujua kilikotoka. Kisha akaondoka nao, ndege imelemewa, ikayagusa majani hadi mwisho wa rweya, na sote tukafumba macho. Walifika wazima. Yule mama alijifungua salama huko huko Mwanza.

Na yeye je? Aliulizwa kwa nini alivunja amri, na kwa nini katika nchi nzima alichagua kutua karibu na kwao. Hakufungwa, hakusifiwa. Aliondolewa kwenye ndege, akarudi nyumbani na begi moja, na watu wakajitungia hadithi waliyoipenda.

Wiki moja baada ya arusi alikuja kwangu. Kijijini mimi ndiye niliyeandika barua za kila mtu, na nilijiona bingwa, sitaficha.

"Mwalimu," akasema, "nataka kuomba nishani ya ushujaa."

"Sasa hivi, kaka? Mbona umechelewa hivi?"

"Nilidhani wataniita wenyewe. Mtu ataanzaje kujiombea? Hiyo nishani yenyewe si kitu. Nataka karatasi ya serikali inayosema sikukimbia. Mama aione kabla hajafa."

Akanieleza, nami nikaandika pembeni kama rasimu: Nilikatazwa kutua, nikatua. Niliogopa sana. Niliwaona watu nikatua. Alisema hivyo tu, na ilitosha. Ningeinakili ilivyo, pengine leo nisingekuwa na hadithi ya kusimulia.

Lakini nani aliandika "mimi" miaka ile? Tulifundishwa, nami nikafundisha kwa chaki na fimbo, kwamba anayejitanguliza ni mbinafsi. Barua zangu zote zilianza na "Sisi wanakijiji", na zilijibiwa. Niliomba madawati hivyo, yakaja. Niliomba pampu ya maji hivyo, tukaahidiwa. Tena niliona nikitaja amri iliyovunjwa nitamponza. Nikaketi nikaipamba:

"Sisi wanakijiji, kwa moyo wa kujitolea na chini ya uongozi wa mwenyekiti wetu, tuliandaa kiwanja cha ndege kwa mikono yetu, na kwa kushirikiana na rubani tukawaokoa majeruhi wa vita. Tunaomba tendo hili la kishujaa litambuliwe, na rubani afikiriwe kupewa nishani."

Mwenyekiti nilimwingiza kwa sababu nilihitaji muhuri wake. Siku ya ndege alikuwa Kemondo, amekalia masanduku yake akisubiri meli. Alipoisoma barua alitabasamu, akagonga muhuri mpaka meza ikatikisika. Rubani hakuisoma. Nilimwonyesha pa kutia sahihi, akasema, "Wewe ndiye mwalimu," akatia.

Tulisubiri zaidi ya mwaka. Halafu siku moja ikaja Landrova na mgeni kutoka ofisi moja ambayo sitaitaja, tukaitwa wote kwenye uwanja wa shule. Nilifurahi kupita kiasi. Niliwapanga wanafunzi waimbe. Rubani alikaa nyuma na mama yake, amevaa koti ambalo sikujua analo, na mzee yuko ndani ya gauni lile lile la kanisani.

Mgeni akatoa cheti kilichowekwa kwenye fremu ya kioo. Cheti cha heshima kwa kijiji chetu, kwa ujenzi wa kiwanja cha ndege wakati wa vita. Mwenyekiti akakipokea kwa mikono miwili. Kisha, Mungu anisamehe, akahutubia. Alieleza jinsi alivyopima kiwanja kwa hatua zake mwenyewe, jinsi alivyotupa moyo sisi akina mama tuliokuwa tumekata tamaa. Watu waliomwona kwa macho yao akienda Kemondo walipiga makofi! Nilitaka kusimama nipige kelele, lakini kila alichosema kilianzia kwenye barua yangu.

Mama wa Rubani hakuwa anasikia vizuri. Katikati ya makofi akamuuliza mwanawe kwa Kihaya, kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia: "Watakuita saa ngapi?"

Hakuitwa.

Jioni ile alikuja kwangu, akaomba nakala ya barua. Nilimpa. Aliisoma akiwa amesimama barazani, polepole, kisha akairudia tena.

"Umeandika vizuri, Mwalimu," akasema. "Mimi niko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole: kwa kushirikiana na rubani.

"Huyo ni rubani yeyote," akasema, akanirudishia karatasi, akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Niliandika barua ya pili siku hiyo hiyo, kwa hasira, nikaweka kila kitu: amri, woga, viti, majina ya wanawake wote tuliokuwepo. Jibu lilikuja la mistari miwili. Tukio hilo lilikwisha kutambuliwa, na mashahidi wakata nyasi si watu wenye cheo cha kuthibitisha tendo la kijeshi. Wakata nyasi! Tungekuwa hatukati nyasi angetua wapi? Nikapanda basi mpaka Bukoba. Nilimkuta kijana nadhifu nyuma ya meza, nikamwaga yote niliyokuwa nayo, na nusu ya ofisi ikaja kuchungulia mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua jalada, akaligeuza upande wangu.

"Mama, huu ni mwandiko wa nani?"

Ulikuwa wangu, mzuri, ulionyooka, ule niliosifiwa nao chuoni.

"Ni wangu," nikasema.

"Basi kijiji ndicho kilichoomba, na kijiji kimepewa," akasema, akalifunga jalada.

Sikwenda kwangu niliporudi. Nilikwenda kwa Rubani, lakini alikuwa shambani. Nikamkuta mama yake mlangoni, anachambua maharage. Nikapiga magoti kumsalimu, nikashindwa kuinuka. Nikamwambia yote, kwa sauti ya juu ili asikie: kwamba hawatampa, na kwamba kosa ni la barua yangu, na kwamba hakuna karatasi itakayokuja.

Aliendelea kuchambua maharage mpaka nikadhani hakunisikia.

"Mimi sikusoma," akasema hatimaye. "Karatasi ni zenu, Mwalimu. Lakini arusini Nyanga, walipomcheka mwanangu, wewe hukuwa umekaa pale karibu yangu?"

"Nilikuwepo, mama."

"Na siku ya ndege?"

"Nilikuwepo."

Hakuniuliza la tatu, kwa nini arusini sikufungua mdomo.