Ubeti wa Felista Mkude

Felista Mkude na Laurenti walichukiana tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyejisumbua kuficha. Ilikuwa mwaka 1986. Felista alikuwa mwanakwaya wa parokia huko Bigwa, akaajiriwa katika kiwanda kimoja mjini Morogoro. Kwenye karatasi alikuwa mshonaji; kazi yake hasa ilikuwa kuimba katika bendi ya kiwanda. Laurenti ndiye aliyekuwa kiongozi wa bendi na mpiga gitaa la solo.

"Wewe ni wa kuitikia tu," alimwambia. "Kuongoza wimbo ni kazi ya wanaume."

Felista aliitikia miaka mitatu, uso ameukunja. Kisha akatunga wimbo kuhusu mama yake, aliyeteleza na mzigo wa kabichi kwenye njia ya mlimani akafa. Watu waliupenda. Lakini ulipopigwa redioni, mtangazaji alimtaja Laurenti kuwa ndiye mtunzi. Tena ubeti wa mwisho, uliomtaja marehemu kwa jina, ulikuwa umekatwa ili gitaa lipate nafasi.

"Jina la mama yangu umelitupa wapi?"

"Watu wanataka kucheza, Felista. Hawakuja matangani."

Mwaka 1993 kiwanda kikauzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, bendi ikavunjwa. Laurenti akaondoka na vyombo vyote, akaanzisha bendi yake kwenye baa moja ya Msamvu. Felista alipomfuata kuomba kazi, Laurenti alimcheka mbele ya wenzake.

"Nataka damu changa. Wewe rudi Bigwa ukalime."

Hakulima. Alimtafuta Yakobo, mpiga gitaa wa kwaya, wakawa wanaimba wawili kwenye harusi za Bigwa na Dakawa. Ila kila alipouimba wimbo ule, watu walimwambia anamwiga Laurenti. Hilo lilimchoma kuliko kufukuzwa.

Jumapili moja mchana akaingia kwenye dansi la Laurenti. Wimbo ulipoanza, alipanda jukwaani, akamnyang'anya mwimbaji maikrofoni na kuanza ule ubeti uliokatwa. Laurenti akachomoa waya. Felista akaendelea kwa sauti yake tupu. Wachezaji wakasimama.

"Mwacheni amalize!" alipaza sauti mama mmoja muuza mboga. "Marehemu tulimjua!"

Walinzi walimburuta nje. Akaanguka kwenye ngazi, jino la mbele likakatika.

Wiki iliyofuata, mdomo bado umevimba, alikwenda Dar es Salaam na Yakobo kurekodi kaseti. Redio mojawapo kati ya zile mpya za binafsi ikaupiga wimbo mzima, safari hii kwa jina lake. Laurenti alituma mtu kumtishia mahakama.

"Mwambie aje auimbe ubeti wa mwisho mbele ya hakimu," Felista alijibu. Kesi haikufunguliwa.

Mwaka 1999 Laurenti alifika Bigwa kwa miguu, gitaa mgongoni. Vijana wake walikuwa wamemkimbia.

"Dada Felista, nipe nafasi. Nitapiga tu, sitaongoza."

Felista alimwacha amesimama juani mpaka akamaliza kujieleza.

"Gitaa lako sina ugomvi nalo," akasema. "Wewe ndiye nisiyekutaka."

Laurenti alipokwisha kutoweka njiani, Yakobo alinong'ona kwamba kwa kweli walihitaji mpiga solo.

"Basi katafute mwingine," Felista akamwambia. "Na kama unamwonea huruma, mfuate."

Yakobo hakumfuata.