Alama Mbili kwenye Meza ya Mama Mkwe

Niliolewa na mwanamume mmoja na meza moja. Mwanamume alikuja na begi. Meza ilishuka kutoka Mghange, kwao mlimani, kwa pikapu, imefungwa blanketi mbili, mama mkwe amekaa nyuma ameishika mguu kama anasindikiza mgonjwa. Alipoitua hapa Voi, aliingia nayo peke yake sebuleni, akafunga mlango. Tulipofunguliwa, meza ilikuwa imevaa nailoni ya maua iliyobandikwa selotepu pande zote, na juu ya nailoni vitambaa vyake vya kufuma.

"Sijakupa, nimekuwekea," akaniambia. "Nailoni usiitoe. Siku nikikuta meza imeharibika, inarudi mlimani."

Miaka miwili tulikula juu ya maua. Mvule wenyewe hatukuwahi kuuona.

Halafu Jumatano, zikiwa zimebaki siku tatu aje kwa ubatizo wa mtoto wetu, nilikuwa nanyonyesha, nikamwambia mume wangu aniletee chakula. Mtu mzima, amesoma, akatoa sufuria ya kimanga, mihogo na maharagwe ya kupondwa, motoni na kuikalisha moja kwa moja mezani. Nilisikia harufu ya nailoni ikiungua kabla sijaisikia ya maharagwe.

Nikabandua. Nailoni ilitoka na maua yake, na chini yake mvule mzuri ajabu una duara jeupe katikati. Na jingine, dogo, pembeni.

"Umeweka sufuria ngapi?"

"Moja."

"Mbona alama ni mbili?"

"Labda iliteleza."

"Iliteleza ikawa ndogo?"

Nilimtukana kwa alama zote mbili.

Jirani alisema dawa ni dawa ya meno. Nikasugua mpaka nyumba ikanuka kama mtu anayeenda intavyuu. Alama ikabaki pale, na pumzi safi. Mama mmoja wa kanisani akasema mayonezi. Mayonezi mimi natoa wapi? Nikapaka mafuta ya kupikia na jivu, meza ikanuka mahamri.

Ijumaa nikambeba mtoto mpaka kwa fundi wa vitanda kule barabarani. Alinicheka kwanza, kisha akasema huo ni unyevu tu, joto limeunasa ndani ya vanishi. Weka kitambaa kikavu cha pamba, pitisha pasi ya joto kidogo, inua, angalia, rudia. Usiikalishe.

Pamba safi nyumbani ilikuwa nepi moja. Kwa hiyo nilipiga meza pasi kwa nepi, mwenye nepi akilia matako wazi, baba yake amesimama mlangoni akiuliza kama na viti vitapigwa pasi.

Lakini ilitoka! Kila nikiinua nepi, weupe umepungua. Kubwa likaisha, nikahamia kwa dogo, nalo likaisha. Nikapaka mafuta, meza ikang'aa mpaka mtu anajiona. Nikaiacha uchi kwa maringo.

Jumamosi mama mkwe akaingia. Hakumsalimia hata mtoto. Alizunguka meza mara mbili, akapapasa ile pembe.

"Meza yangu iko wapi?"

"Si hiyo, mama."

"Hii si yangu. Yangu ina alama hapa. Niliiweka mwenyewe, siku huyu alipoitwa sekondari." Akamwonyesha mume wangu kidole. "Nilifurahi nikasahau nimeshika sufuria. Unadhani nailoni ilikuwa ya nini? Marehemu baba yake amezikwa bila kujua. Mmeuza meza yangu, mkaniwekea ya dukani!"

"Mama, ni hiyo hiyo," mume wangu akasema.

"Wewe nyamaza. Umeoa, utasema nini?"

Nikaleta pasi. Nikaleta nepi. Nikaeleza unyevu na vanishi.

"Umepiga meza pasi? Na nepi?" Akakaa chini. "Basi kesho nitasimama mbele ya pasta nimpakate mtoto wa mwizi. Wa mwizi au wa kichaa, sijui."

Siku tatu za kusugua, halafu niitwe mwizi kwa sababu nimesugua vizuri! Nikaenda jikoni, nikatoa sufuria ya kimanga motoni, nikarudi nayo ikifuka.

"Pisheni."

"Mama Mtoto, usi—" mume wangu akaanza.

Mama mkwe aliitazama sufuria, si mimi. "Hiyo ni kubwa mno. Yangu ilikuwa ya uji."

Nikarudi jikoni. Uji wa mtoto ulikuwa unatokota. Nikauleta na sufuria yake.

"Hapa?"

"Pembeni kidogo. Kidogo tena. Hapo."

Nikaikalisha kwenye mvule mtupu. Tukasimama watu wazima watatu tukiilinda sufuria ya uji, mtoto ananing'inia kwenye sketi yangu akiudai. Hatimaye mama mkwe akaiinua mwenyewe. Duara lilikuwa jeupe, limekamilika. Akalifuata kwa kidole mpaka likafika lilikoanzia.

"Ni yenyewe," akasema, akapangusa kidole kwenye leso. "Haya, nipe mtoto nimsalimie. Na mbona hana nepi?"