Kichwa cha Jumatatu

Karani wa ofisi ya maji hana kichwa kimoja. Jumatatu hii atakuja na rasta za buluu, ijayo na wigi linalomfunika jicho, kama alivyomwona mwimbaji wake kipenzi kwenye video. Hereni zake ni pana kama bangili. Simu ikilia huvua hereni ya kulia, huitumbukiza kwenye kikombe cha kalamu, ndipo aseme haloo. Mlinzi wa mlangoni keshamwelekeza mara kadhaa kwenye foleni ya wateja, akidhani ni mgeni.

Jumatatu iliyopita aliingia kanyoa, hana hereni wala rangi ya mdomo. Ofisi nzima ikapoa. Hata mzee mkorofi mwenye mita mbovu aliuahirisha ugomvi wake. Mchana mlinzi akashindwa kuvumilia, akamwendea, akavua kofia.

“Pole sana, dada. Nani katutoka?”

Simu ililia, mkono wa karani ukaenda sikioni kuvua hereni isiyokuwepo. Akacheka.

“Hakuna msiba, kaka. Ndiyo staili yenyewe. Mwimbaji wangu kanyoa juzi.”

Mlinzi akairudisha kofia kichwani taratibu.

“Basi wahi nyumbani,” akasema. “Wenzako wa ghorofani wameshatangulia kwako kupanga viti.”